Umepangiwa Kazi ya Muda Kolwezi: Yajue Haya Kabla ya Kufunga Begi

Barua imefika: miezi sita, pengine mwaka, kwenye migodi ya Kolwezi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huenda wewe ni fundi mitambo wa Geita au Kahama, dereva, mpishi wa kambi, mkufunzi wa usalama kazini, au mhasibu wa Nairobi ambaye benki yake imeingia Kongo. Nyumbani watakueleza mambo mawili: kwamba Kongo ni vita, na kwamba huko wanaongea Kiswahili, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Usiyachukue hivyo hivyo. Vita vinavyotajwa redioni viko Kivu na Ituri, mashariki ya nchi. Kutoka Goma hadi Kolwezi ni zaidi ya kilomita elfu moja. Na Kiswahili kitakubeba kweli sokoni, kwenye basi, kanisani na kazini, ila hakitakubeba pale unapoweza kuumia zaidi, yaani kwenye karatasi. Mkataba, kibali, fomu ya hospitali na ripoti ya polisi vyote ni Kifaransa. Ugeni wako Kolwezi utaanzia hapo, kwa hiyo maandalizi nayo yaanzie hapo.

Karatasi kwanza

Swali la kwanza si mshahara. Ni nani hasa anayekuajiri. Migodi inayotajwa sana ukanda huo ni Kamoto, Mutanda, Kamoa-Kakula, Tenke Fungurume, Sicomines, Metalkol na mingineyo, lakini sehemu kubwa ya kazi ndani ya mageti hayo hufanywa na kampuni ndogo zilizopewa kandarasi: za ulinzi, usafiri, chakula, uchorongaji, ujenzi. Sheria ya Februari 2017 inataka kandarasi hizo ndogo ziende kwa kampuni ambazo mtaji wake uko zaidi mikononi mwa Wakongo. Maana yake kwako ni kwamba aliyekuhoji kwa simu kutoka Johannesburg au Dar es Salaam anaweza asiwe ndiye atakayetia saini, na atakayetia saini anaweza asiwe ndiye mwenye mgodi. Omba jina kamili la mwajiri, anwani yake ndani ya Kongo na nambari yake ya usajili. Akikwepa swali hilo, umeshajibiwa.

Kisha soma muda wa mkataba. Sheria ya Kazi ya Kongo, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mkataba wa muda maalumu usizidi miaka miwili. Na kuna kipengele ambacho wengi hawakijui: kama una ndoa na kazi inakutenganisha na familia yako, muda huo usizidi mwaka mmoja. Waliotunga sheria walijua mgodi unavyokula nyumba za watu. Sheria hiyo hiyo inaweka saa 45 za kazi kwa wiki, na zinazozidi hapo ni za ziada na zina malipo yake. Ukipewa ratiba ya zamu za saa kumi na mbili kwa wiki kadhaa mfululizo, kisha mapumziko marefu, uliza kwa maandishi jinsi saa hizo zinavyohesabiwa na kama siku za mapumziko zinalipwa.

Uliza pia mkataba unavunjwaje. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na bei ilipoporomoka serikali ilisimamisha mauzo yake nje ya nchi Februari 2025, ikaja kuyaruhusu tena kwa mgawo mwezi Oktoba mwaka huo. Maamuzi ya namna hiyo hufanyika Kinshasa, lakini makali yake hufika haraka kwa watu wa mikataba mifupi. Kwa hiyo notisi ni ya siku ngapi? Tiketi ya kurudi nyumbani ni ya nani kazi ikikatizwa mwezi wa tatu? Ukiugua au kuvunjika, bima inakusafirisha hadi wapi, na nani anapigiwa simu? Majibu yawe ndani ya mkataba, kwa sababu ahadi za WhatsApp hazina mhuri.

Kama umepewa mkataba kwa Kiingereza, ulizia ulioandikwa kwa Kifaransa, na ulizia ni upi utakaotumika mkigombana. Mlipe mtu anayekijua Kifaransa akusomee mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Ni gharama ndogo kuliko zote utakazoingia katika safari hii, na ndiyo watu wanayoibania.

Kuhusu kuingia nchini: Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Bado. Ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kufanya kazi. Mgeni anahitaji viza ya kazi pamoja na kadi ya kazi, ile iliyoandikwa *carte de travail pour étranger*, na anayeiomba ni mwajiri, si wewe. Anayekwambia "njoo kwanza kama mtalii, mengine tutayamaliza huku" anakutwisha hatari yake. Watu wa uhamiaji, DGM, hukagua mijini, barabarani na hata kwenye mageti ya migodi, na atakayeshikwa ni wewe. Tembea na nakala ya rangi ya pasipoti, viza na kadi. Pasipoti yenyewe ifungie mahali salama. Ofisi ikiichukua kwa ajili ya vibali, dai karatasi ya kuonyesha wameichukua lini. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti, kwa sababu mpakani watakiomba.

Jambo moja zaidi kuhusu viza, na hili ni kwa yeyote anayefikiria kutembea siku za mapumziko: omba ya kuingia mara nyingi. Zambia iko jirani na inavutia, lakini mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kununua shati Chingola, ameimaliza viza yake.

Kufika

Kwa ndege utashukia Lubumbashi, uwanja wa Luano. Ethiopian Airlines na Kenya Airways ni miongoni mwa wanaofika. Kolwezi nayo ina uwanja wake, lakini wengi humalizia safari kwa barabara: takribani kilomita 300 za lami kupitia Likasi na Fungurume, zenye vituo vya kulipia. Barabara hiyo hupitisha malori ya shaba, ya kobalti na ya tindikali mchana na usiku. Safiri mchana tu. Kampuni makini hukataza magari yake kutembea gizani, na yako isipokataza, jikataze mwenyewe.

Wanaokwenda kwa nchi kavu kutoka Tanzania wanaijua njia: Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Ndola, Kasumbalesa. Foleni ya malori hapo mpakani huweza kuchukua siku, lakini abiria wa miguu hupita upande wake. Usikubali msaada wa kila kijana anayejitolea kukubebea pasipoti. Na ukumbuke kwamba ukivuka hapo unahama upande wa barabara: Zambia, Tanzania na Kenya wanaendesha kushoto, Kongo ni kulia. Anayetembea kwa miguu ndiye anayesahau zaidi. Angalia kushoto kwanza kabla ya kukanyaga lami.

Saa nazo zinahama. Kolwezi iko saa moja nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi, na saa moja mbele ya Kinshasa, ndani ya nchi hiyo hiyo moja. Na ratiba zote za kazi huandikwa kwa hesabu ya Kifaransa inayoanzia usiku wa manane. Basi la 6h ni la saa kumi na mbili alfajiri kwa hesabu yako. La 19h ni la saa moja usiku. Mtu wa pwani akisoma sita akaelewa saa sita, atafika kituoni adhuhuri akute mbwa tu. Siku za mwanzo, kila ukipewa muda, urudie kwa sauti: "asubuhi au mchana?"

Kwenye begi weka sweta. Kolwezi iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi ya kweli. Weka adapta ya umeme pia, maana soketi za huko ni za pini mbili za mviringo, si zile pini tatu bapa za kwetu. Umeme wenyewe hukatika. Betri ya kuchajia simu na tochi vitakufaa. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu litakuingia hadi ndani ya kabati. Novemba hadi Aprili ni mvua na tope. Malaria ipo mwaka mzima. Maji ya bomba usiyanywe.

Pesa

Dola ya Marekani ndiyo pesa kubwa, faranga ndiyo chenji. Kodi ya nyumba, tiketi na vifaa hutajwa kwa dola. Nyanya, mkate na pikipiki kwa faranga. Noti kubwa kabisa ya faranga ni ya 20,000, kwa hiyo usishangae kurudi na bunda kutoka kwa mbadilishaji. Wauzaji huichunguza dola kuliko benki: yenye mpasuko mdogo, doa la wino au ya toleo la zamani hukataliwa, na ya dola moja moja wengi hawaitaki. Toka nyumbani na noti mpya, na usipokee chenji ya dola usiyoweza kuitumia kwenye duka linalofuata.

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zipo, na hushika dola na faranga katika akaunti tofauti. Lakini M-Pesa ya Vodacom ya Kongo si ile ya simu yako ya nyumbani. Utasajili laini mpya kwa pasipoti. Laini ya nyumbani usiizime, maana nambari za siri za benki zitatumwa huko. Benki za Afrika Mashariki nazo zimefika: Equity ya Kenya iliinunua benki ya Kongo ya BCDC mwaka 2020, KCB ilichukua asilimia 85 ya benki nyingine ya huko, TMB, mwishoni mwa 2022, na CRDB ya Tanzania ilifungua Lubumbashi mwaka 2023. Jina linalofanana ubaoni halimaanishi kwamba akaunti yako ya Mwanza itafunguka Kolwezi. Kabla ya kuondoka, nenda tawini ukaulize gharama ya kutuma mshahara kurudi nyumbani, kisha linganisha. Tofauti ya asilimia chache kila mwezi ni ada ya shule ya mtoto.

Kambi au mjini

Ukipewa kambi, utapata kitanda, chakula, basi na sheria. Utapuliza kipimo cha pombe getini kila asubuhi, na bia ya usiku wa manane bado itaonekana. Kambi hukuwekea akiba, lakini hukunyima mji. Wapo wanaomaliza mkataba wakiwa hawajui soko liko wapi. Kama mwajiri anakupa posho ya nyumba ujitafutie, usikodi kwa picha. Lala wiki chache kwenye nyumba ya wageni, zunguka Dilala na Manika, ambazo ndizo manispaa mbili za mji, uliza wenzako kuhusu maji na umeme wa mtaa husika, ndipo ulipe. Wenye nyumba hudai dhamana ya miezi kadhaa mkononi, kwa hiyo andikishianeni, muda wa kuirudisha ukiwa umetajwa.

Uliza pia nyumba iko umbali gani na uchimbaji. Hili si swali la kawaida kwa mpangaji, ila Kolwezi imekaa juu ya madini yenyewe. Mtaa wa Kasulo ulipogundulika kuwa na kobalti mwaka 2014, watu walichimba mashimo ndani ya ua na hata chini ya sakafu za vyumba vyao. Wachimbaji wadogo wako kila upande, nao wana mgogoro wa miaka mingi na kampuni kubwa, ambazo pengine ndizo zinazokulipa. Juni 2019 zaidi ya watu 40 walifukiwa na kifusi walipokuwa wakichimba katika eneo la Kamoto. Usipige picha mashimo, mageti, madaraja wala uwanja wa ndege. Simu itachukuliwa na maelezo yako hayatasikilizwa. Ukiletewa mfuko wa mawe kwa bei nzuri, usiuguse.

Watu

Hapa ndipo Kiswahili kinapolipa. Cha Katanga, yaani cha ukanda huu, kina njia zake: utasikia *batoto*, *bantu*, *mayi*, *bukari* kwa ugali, *sombe* kwa kisamvu, *aksanti*. *Jambo* huko ni salamu ya watu wazima wenye akili zao, si ya kuwaimbia watalii, itikia vizuri. Usimsahihishe mtu. Mtanzania ana tabia ya kusikiliza Kiswahili cha mwenzake kama mwalimu anayesahihisha insha, na hapo urafiki hukauka. Wao pia watakuona unaongea kama redio. Mtu mzima mwite papa au mama, kaka na dada wakubwa kwa umri ni yaya, na bosi ni *chef* hata kama ni mdogo wako. Kifaransa kidogo cha salamu kinaonyesha adabu, lakini maneno ya kuyajua kabla ya yote ni yale ya kwenye mabango ya mgodi: *danger* (hatari), *arrêt* (simama), *interdit* (marufuku), *issue de secours* (mlango wa dharura). Vifaa vya kujikinga vinaitwa EPI. Ukihudhuria mafunzo ya usalama usiyoyaelewa, sema hujaelewa kabla ya kutia saini kwamba umeelewa.

Mazungumzo ya kuvunja ukimya ni rahisi kwa Mtanzania: taja Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Wote walivaa jezi ya TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi, na Samatta alikuwamo timu ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015. Kuna meza za bia ya Simba ambako jina hilo moja linatosha kukupa kiti.

Mazungumzo ya kuyaepuka ni ya nani mwenyeji na nani mgeni. Mji huu ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, na kabla na baada ya hapo kampuni hiyo ilichota wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Zambia ya leo. Wajukuu wao wapo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa nguvu Likasi na Kolwezi, maelfu wakisubiri treni stesheni huku wengine wakifa njiani. Jeraha halijapona, na siasa za kila uchaguzi hulitonesha. Utani wa makabila unaoufanya Dodoma usipande nao gari kwenda huko. Ukumbuke pia kwamba wewe mwenyewe umepewa kazi ambayo kijana wa Kolwezi anaamini angeiweza, na mara nyingi ni kweli. Mfundishe unachokijua bila kuficha. Mkubwa wako kazini atapenda, na siku utakayokwama na polisi wa barabarani, kijana huyo ndiye atakayekuja.

Kwa Waislamu: Idi si sikukuu ya taifa Kongo, kwa hiyo omba ruhusa mapema. Tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wa 1960, mji mzima husimama.

Siku za mapumziko

Wengi hulala tu, na mwili una haki yake. Lakini ukiwa na Jumapili moja, nenda ziwa la Nzilo, lililotokana na bwawa kwenye mto Lualaba kaskazini ya mji. Kuna samaki, upepo na ukimya usio na mashine. Panda gari na wenzako, si pikipiki. Waendesha pikipiki, ambao utasikia wakiitwa *manseba*, wanafaa kwa safari fupi za mjini kabla ya jua kuzama, basi.

Ukiwa na siku mbili, Likasi inapitika kwa urahisi: mji wa miti mikubwa na nyumba za Wabelgiji, zamani Jadotville. Shinkolobwe, ulikochimbwa urani ya bomu la Hiroshima, haiko mbali, lakini ni eneo lililofungwa na si mahali pa kwenda kutalii. Lubumbashi inastahili siku tatu: makumbusho ya taifa, dohani refu la kiwanda cha Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima wake mweusi wa mabaki ya kuyeyushia shaba, na mechi ya Mazembe uwanjani kwao Kamalondo kama ratiba inaruhusu. Maporomoko ya Lofoi kwenye hifadhi ya Kundelungu, yenye kimo cha mita zaidi ya 300, ni safari ya kiangazi tu na ya gari la nguvu. Wakati wa mvua usijaribu. Mwenye wiki nzima na viza inayoruhusu huweza kushuka Ndola, akaone mahali ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Septemba 1961, kisha akaendelea hadi Livingstone. Reli ya Lobito, inayosemwa sana sasa kwamba itabeba shaba hadi Atlantiki, usiipangie likizo. Kazi yake kubwa ni mizigo.

Kuondoka

Anza mwezi mmoja kabla. Dai cheti cha kumaliza kazi chenye tarehe na cheo chako, hesabu ya mwisho ya mshahara na siku za likizo ambazo hukuzichukua, pamoja na uthibitisho wa michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS. Ukishafika nyumbani, barua pepe zako zitajibiwa kwa uvivu mkubwa. Rudisha kitambulisho cha geti na uchukue karatasi ya kuthibitisha kimepokelewa. Dai dhamana ya nyumba ungali ndani ya nyumba.

Faranga zimalize au zibadilishe Kolwezi, kwa sababu nyumbani ni vigumu kumpata anayezitaka. Fedha taslimu usibebe zaidi ya dola 10,000. Malakiti, lile jiwe la kijani, nunua lililochongwa na kung'arishwa, mkufu au sanamu ndogo, na uombe risiti dukani. Jiwe ghafi uliloliokota karibu na barabara, hata likiwa dogo na zuri vipi, liache hapo hapo: kulisafirisha bila karatasi ni kosa, na maofisa wa uwanja wa ndege wanajua kulitafuta ndani ya soksi.